Tumefungwa na timu ya mkiani: je, ubingwa umetuponyoka?

Ndugu Mshauri,

Baada ya salamu, naomba unisaidie kulitazama jambo ambalo kwa siku tano sasa limeninyima usingizi. Mimi ni nahodha wa timu ya mpira wa miguu inayoshiriki ligi yenye timu 16, ambamo kila timu hucheza michezo 30 kwa msimu. Hadi Jumamosi iliyopita tulikuwa tunaongoza ligi kwa pointi 51 baada ya michezo 21, tukiwa tumewaacha wanaotufuata kwa pointi tano, na tulikuwa hatujafungwa katika michezo 13 mfululizo. Jumamosi hiyo tuliikaribisha timu inayoshika mkia, ambayo msimu huu ilikuwa imeshinda mara mbili tu. Mashabiki wetu waliingia uwanjani wakibishana juu ya idadi ya mabao tutakayofunga, kwa sababu suala la kushinda walikuwa wameshalimaliza. Tukafungwa bao 1–0.

Bao lenyewe lilipatikana dakika ya 73. Tulipata kona, na kwa kuwa tulikuwa tunalitafuta bao kwa papara, tulipanda karibu sote, nyuma akabaki kipa na beki wa kushoto peke yake. Kipa wao aliupangua mpira, ukamwangukia kiungo wao hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama, nje ya eneo la penalti. Ningeweza kumzuia, hata kwa kumchezea faulo ya kawaida na kuipokea kadi ya njano, lakini nilisita nikidhani mwenzangu atamfuata. Yule kiungo akapiga pasi moja ndefu, beki wetu akajikuta mbele ya washambuliaji wawili, akamwendea mwenye mpira, akateleza, na yule wa pili akabaki huru, akafunga. Uwanja mzima ulimwona beki akiwa chini. Mimi niliyesita hakuna aliyeniona.

Baada ya mchezo, beki huyo alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi, mpaka mtunza vifaa alipokuja kukusanya jezi. Hakuna aliyemsemesha, nami sikumsemesha. Mazoezini amekuwa akifika wa mwisho na kuondoka wa kwanza. Kocha ametuambia kwamba katika mchezo ujao atabadilisha wachezaji watano wa kikosi cha kwanza. Wachezaji wawili wakongwe wanataka uongozi uitishe kikao cha dharura ili kila mmoja aseme nani anaiangusha timu. Mashabiki nao wanaandika kila siku kwamba timu inayostahili ubingwa haifungwi nyumbani na timu ya mwisho.

Wanaotufuata walishinda siku hiyohiyo. Sasa sisi tuna pointi 51 na wao wana 49, sote tukiwa tumecheza michezo 22. Timu ya tatu ina 42. Katika raundi ya 27 tutakwenda kucheza na hao wa pili uwanjani kwao. Niongeze pia kwamba katika michezo mitatu iliyotangulia kipigo hicho tulitoka sare mara mbili, 1–1 na 2–2, na mara zote mbili tulisawazishiwa mwishoni, dakika ya 78 na dakika ya 84, ila hakuna aliyelalamika kwa kuwa rekodi yetu ya kutofungwa ilikuwa bado haijavunjwa.

Naomba unijibu bila kunibembeleza: je, kipigo hiki kimeuharibu ubingwa wetu? Na kama bado tuna nafasi, mimi kama nahodha nifanye nini katika siku hizi chache kabla ya mchezo ujao?

Nahodha mwenye mzigo

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Nahodha,

Hapana, ubingwa haujawaponyoka. Umeomba usibembelezwe, basi nitakuonyesha kwa hesabu kabla sijagusa jambo lingine lolote. Mmebakiwa na michezo minane, yaani pointi 24. Mkishinda yote mtafikisha 75, na hakuna timu itakayoweza kuwafikia. Lakini hata hayo hayahitajiki. Mkitoka sare na hao wa pili katika raundi ya 27 na kushinda michezo saba mingine, mtamaliza na pointi 73, na wao, hata wakishinda kila mchezo mwingine, watakomea 71. Timu inayoweza kwenda kwenye uwanja wa mpinzani wake mkuu, ikatoka sare, na bado ikawa bingwa bila kuomba msaada wa mtu, haina sababu ya kujihesabu imeshindwa.

Swali la kwanza baada ya kipigo cha ghafla, basi, ni kujua hatima ya ubingwa imo mikononi mwa nani. Aliyekufunga ni habari ya baadaye. Yapo mapigo ambayo kweli huiondoa hatima hiyo mikononi mwa timu, na ni vyema uyajue ili usiyachanganye na lenu. Tarehe 27 Aprili 2014, Liverpool walikuwa wakiongoza Ligi Kuu ya Uingereza wakiwa wamebakiwa na michezo mitatu, wakafungwa 2–0 na Chelsea nyumbani kwao. Jioni ileile bado walikuwa kileleni, lakini Manchester City walikuwa na mchezo wa kiporo, yaani mmoja ambao walikuwa bado hawajaucheza, pamoja na tofauti nzuri zaidi ya mabao, kwa hiyo Liverpool hata wangeshinda michezo yao yote iliyobaki, City nao wangeweza kufikisha pointi zilezile na kuwapita kwa mabao. Hicho ni kipigo kilichokuja mwishoni kabisa, mbele ya mpinzani mwenye kiporo, na kiliwafanya waanze kutegemea miguu ya watu wengine. Chenu kimekuja mkiwa mmebakiwa na michezo minane, hakuna mwenye kiporo dhidi yenu, na bado mnaongoza.

Sasa niseme juu ya maneno ya mashabiki kwamba timu bora haifungwi na timu ya mwisho. Nawaheshimu, maana maneno hayo yanatoka kwenye uchungu wa mtu anayeipenda timu, lakini si kweli, na historia inayakanusha waziwazi. Tarehe 29 Februari 2020, Liverpool walikwenda uwanjani kwa Watford wakiwa wameshinda michezo 26 kati ya 27 na kutoka sare mmoja tu. Hawakuwa wamefungwa katika michezo 44 ya ligi mfululizo. Wakafungwa 3–0 na timu ambayo mwisho wa msimu ilishuka daraja. Liverpool hao walimaliza na pointi 99, wakawaacha wa pili kwa pointi 18. Kilichovunjika siku ile ilikuwa rekodi ya kutofungwa, nayo haikuwa kombe.

Mfano unaofanana zaidi na wako, kwa maoni yangu, ni wa msimu wa 2018/19, kwa kuwa mbio zilikuwa za watu wawili na zilikuwa za karibu sana. Manchester City, waliokuwa mabingwa watetezi, walifungwa nyumbani 3–2 na Crystal Palace tarehe 22 Desemba 2018, na siku nne baadaye wakafungwa 2–1 na Leicester. Wakajikuta nafasi ya tatu, pointi saba nyuma ya Liverpool. Mwishoni mwa Januari wakafungwa tena, 2–1, na Newcastle, baada ya wao wenyewe kufunga bao katika dakika ya kwanza. Baada ya hapo walishinda michezo 14 ya ligi mfululizo hadi siku ya mwisho na kutwaa ubingwa kwa pointi 98 dhidi ya 97 za Liverpool. Naomba uitazame kwa makini safu ya matokeo ya timu hizo mbili: City walishinda 32, wakatoka sare 2 na kufungwa 4, Liverpool walishinda 30, wakatoka sare 7 na kufungwa mara moja tu kwa msimu mzima, na aliyewafunga ni City haohao. Aliyefungwa mara nne alilibeba kombe, na aliyefungwa mara moja alilitazama kwa mbali, kwa sababu zile sare saba zilimgharimu pointi 14 bila mtu kuandika kwamba timu imeanguka.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda, kwa sababu katika barua yako kuna sentensi moja uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba ni nyongeza, nami naiona ndiyo kiini cha barua nzima. Umesema kwamba katika michezo mitatu iliyotangulia mlitoka sare mara mbili. Sare hizo zimewapotezea pointi nne. Kipigo cha Jumamosi kimewapotezea tatu. Kwa maneno mengine, timu yako ilianza kuteleza wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kulia, na rekodi ya kutofungwa ndiyo iliyoufunika mteremko huo. Kushinda michezo 13 na kutofungwa michezo 13 ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa yote huandikwa magazetini kwa sifa zinazolingana. Tangu mchezo wa ushindi ulipoanza kulipwa pointi tatu badala ya mbili, jambo ambalo Uingereza ililianza mwaka 1981 na ambalo mashindano ya kimataifa yaliliiga katika muongo wa 1990, sare imekuwa karibu zaidi na kufungwa kuliko kushinda. Hata kabla ya hapo sare nyingi hazikumfaa mtu: Perugia ya Italia ilimaliza msimu wa 1978/79 bila kufungwa mchezo hata mmoja, ikiwa imetoka sare 19 kati ya michezo 30, na ikaishia nafasi ya pili nyuma ya Milan.

Ziweke sasa zile dakika ulizoniandikia katika mstari mmoja: 78, 84, 73. Mabao matatu yaliyowapotezea pointi saba yote yameingia baada ya dakika ya 70. Mtu aliyekaa mbali kama mimi hawezi kukuambia kwa uhakika sababu yake, lakini anaweza kukuambia mahali pa kuitafuta. Huenda miguu imechoka, kwa kuwa timu inayoongoza ligi mara nyingi huwatumia watu walewale kumi na mmoja mchezo baada ya mchezo kwa hofu ya kuharibu kinachofanya kazi. Huenda mabadiliko ya wachezaji yanafanywa kwa kuchelewa. Huenda pia, na hili naliona wazi katika maelezo yako ya ile kona, mnapofika dakika hizo mnaanza kucheza na saa badala ya kucheza na wapinzani. Kumwacha beki mmoja nyuma wakati mnapiga kona, mchezo ukiwa 0–0 na dakika 17 bado zipo, ni uamuzi wa timu nzima, na bao lililotokana nao ni la timu nzima. Timu nyingi huacha watu wawili au watatu nyuma katika hali hiyo, na mmoja zaidi husimama nje ya eneo la penalti kwa kazi moja tu: kuuwahi mpira unaopanguliwa au kumchelewesha anayeupata. Mtu huyo Jumamosi ulikuwa wewe.

Kuhusu kocha kubadilisha watano, nitakuwa mwangalifu, kwa sababu kupanga kikosi ni kazi yake na nahodha anayeigeuza kuwa yake huivunja timu haraka kuliko kipigo chochote. Lakini unaweza kumpelekea mawazo kwa adabu, na mifano miwili ya Kombe la Dunia itakusaidia kuyapanga. Mwaka 2022, Argentina ilifungwa 2–1 na Saudi Arabia katika mchezo wake wa kwanza. Ilikuwa imecheza michezo 36 bila kufungwa. Messi alifunga penalti dakika ya 10, mabao mengine matatu ya Argentina yakakataliwa kwa kuotea kabla ya mapumziko, kisha Saudi Arabia wakafunga mara mbili ndani ya dakika tano, ya 48 na ya 53. Kocha Lionel Scaloni alibadilisha wachezaji watano katika mchezo uliofuata, dhidi ya Mexico, na akaendelea kubadilisha katika mchezo wa tatu. Alexis Mac Allister hakucheza kabisa dhidi ya Saudi Arabia, na Enzo Fernández na Julián Álvarez siku hiyo waliingia wakitokea benchi. Wote watatu walianza katika fainali ambayo Argentina iliishinda Ufaransa kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 3–3. Mwaka 2010 mambo yalikwenda tofauti. Uhispania ilifungwa 1–0 na Uswisi katika mchezo wake wa kwanza, na kelele za kumtaka kocha Vicente del Bosque abadilishe mtindo zilikuwa nyingi. Aligusa majina machache, lakini mtindo wa kuumiliki mpira hakuugusa, na timu ilikwenda hadi kulichukua kombe, ikishinda michezo yake yote minne ya mtoano kwa 1–0.

Nani alikuwa sahihi? Wote wawili, kwa sababu kila mmoja aliitibu timu yake kwa ugonjwa aliouona uwanjani. Uhispania ilikuwa imeutawala mchezo na kukosa bao tu, kwa hiyo kubadilisha mtindo kungekuwa kuitupa dawa pamoja na chupa yake. Argentina ilikuwa na viungo waliopitwa kwa urahisi mno, kwa hiyo ilihitaji miguu mipya katikati. Ninyi je? Muombe kocha mkae wawili mtazame kanda za michezo mitatu, zile sare mbili pamoja na kipigo, kuanzia dakika ya 65 tu. Mkiona watu walewale wanachelewa kurudi kila mara, basi mabadiliko yana sababu, na huenda dawa ikawa kuwaingiza wa akiba dakika ya 60 badala ya 80 bila hata kukigusa kikosi kinachoanza. Mkiona timu inacheza vizuri na kosa ni la kujipanga kwenye kona, basi kubadilisha watano kutawaadhibu watu watano kwa kosa la mpango. Ninachokiogopa ni mabadiliko yanayofanywa ili mashabiki waone kwamba jambo fulani limefanyika.

Kuna kipigo kingine cha Kombe la Dunia ambacho sitaki ukisahau, kwa sababu kinaonyesha upande wa pili. Tarehe 31 Mei 2002 Ufaransa, mabingwa watetezi, walifungwa 1–0 na Senegal kwa bao la Papa Bouba Diop la dakika ya 30. Siku ile hawakuwa wametolewa. Walikuwa na michezo miwili mbele yao kama Argentina ilivyokuwa nayo miaka 20 baadaye. Katika mchezo wa pili, dhidi ya Uruguay, Thierry Henry alitolewa kwa kadi nyekundu mapema, mchezo ukaisha 0–0, na katika wa tatu wakafungwa 2–0 na Denmark. Mabingwa wakarudi nyumbani bila kufunga hata bao moja. Ukiziweka Ufaransa ya 2002 na Argentina ya 2022 pamoja, mchezo wa kwanza unafanana sana. Zilipoachana ni katika mchezo wa pili. Argentina dhidi ya Mexico ilikwenda mapumziko ikiwa 0–0, ikitambua kwamba ikifungwa tena imekwisha, na bado haikufanya papara. Bao la Messi lilikuja dakika ya 64. Ndiyo maana nakuambia kwamba swali la kama kipigo cha Jumamosi kimeuharibu ubingwa halijapata jibu lake kamili bado, na jibu hilo litatoka katika michezo miwili au mitatu ijayo.

Uingieni mchezo ujao kwa lengo la pointi tatu tu. Msijaribu kushinda 5–0 ili kuwanyamazisha watu. Wale Liverpool wa 2014, baada ya kufungwa na Chelsea, walikwenda kwa Crystal Palace wakijua kwamba wanahitaji pia mabao mengi ili kuwafikia City kwa tofauti. Wakaongoza 3–0, wakaendelea kupanda wakitafuta la nne na la tano, na kati ya dakika ya 79 na ya 88 wakafungwa mabao matatu. Mchezo ukaisha 3–3, na ubingwa ukaenda kwa City kwa pointi 86 dhidi ya 84. Wao walau walikuwa na sababu ya kuyatafuta mabao. Ninyi hamna.

Na kwa kuwa nimetaja tofauti ya mabao, kuna jambo la kushukuru katika kipigo chenu ambalo naona hujaliona: mlifungwa bao moja. Mwezi Oktoba 2011, Manchester United, mabingwa watetezi, walikuwa nyuma 3–1 nyumbani dhidi ya Manchester City, wakiwa wachezaji kumi uwanjani, na dakika zilikuwa zinakwisha. Badala ya kuikubali hasara ya 3–1 waliendelea kupanda, na mabao matatu yakaingia mwishoni, mchezo ukaisha 6–1. Msimu ulipomalizika timu zote mbili zilikuwa na pointi 89, zikiwa zimeshinda 28, kutoka sare 5 na kufungwa 5 kila moja. City walikuwa mabingwa kwa tofauti ya mabao, 64 dhidi ya 56. Nimewahi kukaa na kalamu nikaifanya hesabu hii: kama mchezo ule ungeisha kwa City kushinda 1–0 badala ya 6–1, timu zote mbili zingemaliza msimu zikiwa zimefunga mabao 88 na kufungwa 28, sawa kwa sawa hadi bao la mwisho. Kwa hiyo mtakapokwenda kwa wapinzani wenu raundi ya 27, kama siku itakuwa mbaya, wewe nahodha uwe wa kwanza kuwarudisha wenzako nyuma. Kabla ya hapo, zisomeni kanuni za ligi yenu mjue timu zikilingana pointi hutenganishwa kwa nini. Uhispania hutazama kwanza matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana, na kwa kanuni hiyo Real Madrid walichukua ubingwa wa 2006/07 wakiwa na pointi 76 sawa na Barcelona, ingawa Barcelona walikuwa na tofauti kubwa zaidi ya mabao. Kama ligi yenu ina kanuni ya namna hiyo, mchezo wa raundi ya 27 una uzito wa ziada, na matokeo ya mzunguko wa kwanza dhidi yao yanapaswa kuwa kichwani mwa kila mchezaji.

Kikao cha dharura msikifanye. Kikao kinachoitishwa ili watu waseme nani anaiangusha timu hakijawahi kumfanya mtu akabe vizuri zaidi. Humfanya kila mmoja aanze kucheza kwa kujilinda asije akatajwa katika kikao kijacho, na mchezaji wa namna hiyo haombi pasi wala hathubutu kupiga shuti. Waambie hao wakongwe wawili, kwa heshima na faraghani, kwamba uzoefu wao unahitajika zaidi katika dakika ya 75 ya mchezo ujao, na uwape kazi mahususi: mmoja asimamie nani anabaki nyuma kila mnapopiga kona, na mwingine awe sauti ya kuwatuliza vijana mchezo unapokaribia kwisha. Mtu mzima akipewa jukumu huacha kutafuta mshtakiwa. Kuhusu mashabiki, waacheni waandike, na msiwajibu. Hakuna mchezaji aliyewahi kushinda mabishano hayo, na simu inayosomwa hadi saa sita usiku inakula usingizi ambao miguu yenu inaudai.

Limebaki jambo la beki wako wa kushoto, nalo nimeliacha mwisho kwa makusudi kwa kuwa ndilo lililokusukuma kuniandikia, ingawa hukulisema hivyo. Wewe unajua kwamba ulisita. Yeye hajui, au pengine anajua na anasubiri kuona kama utasema. Kila siku inayopita ukiwa kimya, anaubeba mzigo wa watu wawili, na mchezaji anayebeba mzigo wa namna hiyo atasita katika mpira unaofuata, kisha utashangaa kwa nini upande wa kushoto umekuwa njia ya wapinzani. Usimwandikie ujumbe. Kesho fika mazoezini kabla yake, kwa kuwa umesema anafika wa mwisho, na umngoje mlangoni. Mwambie kwa maneno machache kwamba ule mpira ulikuwa wako kabla haujawa wake, kwamba ulipaswa kumzuia yule kiungo na hukumzuia, na kwamba yeye aliachwa peke yake mbele ya watu wawili. Kisha, kocha atakapowakusanya, yaseme maneno hayohayo mbele ya wote, bila kuongeza hotuba. Halafu ombeni mfanye mazoezi ya kona kwa nusu saa, wewe ukisimama palepale nje ya eneo la penalti uliposimama Jumamosi, naye akiwa nyuma yako na mtu wa pili pembeni yake.

Mshauri wako